Gitaa Lililokuwa Mtumbwi

Umri niliofikia mimi, mtu hatungi tena hadithi za kujipamba. Ningetaka kujipamba ningetafuta kisa kingine, maana hiki hakinipi sifa hata kidogo. Kilinitokea hapa Ifakara, miaka ya tisini, kwenye kibaraza changu mwenyewe, wakati kuku wanaingia bandani. Ndicho kilichoniondolea mke. Ukitaka usiamini, sawa, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa karani wa ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na jambo hilo nilikuwa nalikumbuka kupita kiasi. Nikitoka kazini nilikuwa na burudani moja tu, kutengeneza gitaa kwa mikono yangu. Si la kuuza. Nililipenda lile la kwaya ya parokia, nikaomba nilishike, nikalipima kwa uzi kila upande, nikajiambia kitu kilichotengenezwa na binadamu hata mimi nitakiweza.

La kwanza nililiunda kwa plaiwudi. Lililia kama debe. Jirani yangu Longino, fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyenipa nyaya za breki nizifanye nyuzi, aliniuliza kama nachonga jeneza la paka. Mke wangu Adelina alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka nao, ila iliniuma. Nilijua kosa liko kwenye uso wa gitaa, ule ubao wa mbele wenye tundu. Hapo unataka mti mkavu wa miaka mingi, ukiugonga uitikie. Mbao za dukani zilikuwa mbichi zote.

Msimu wa mavuno tulikwenda Michenga, kwao Adelina, kusaidia kuvuna mpunga. Makaburi ya ukoo wao yako kwenye kijiinuko karibu na maji. Juu ya kaburi moja palikuwa na mtumbwi umelazwa kifudifudi, mtumbwi wa mkangazi, mweusi kwa uzee. Adelina alinieleza kwamba ni wa baba yake mkubwa, Mzee Remigi, aliyekuwa akivusha watu kwenda mashamba ya ng'ambo. Alifariki kabla mimi sijaoa pale. Desturi ya ukoo ule, mvushaji akifa chombo chake hupinduliwa juu ya kaburi lake na kuachwa mpaka kioze chenyewe. Hakiguswi, hata kwa kuni.

"Baba mkubwa bado ana safari," alisema, kama mtu anayemzungumzia aliyekwenda sokoni.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeinama, naugonga kwa kidole. Uliitikia. Niamini, uliitikia kama kengele iliyofunikwa nguo.

Jumapili wote walipokwenda kusali, nilisingizia tumbo. Nikakata kipande kwenye kitako cha mtumbwi, kirefu kama mkono, na pengo nikaliziba kwa matete na udongo. Niliona nini? Niliona mbao nzuri inaozea bure. Nikajiambia Mkristo aliyesoma hawezi kuogopa mtumbwi. Adelina nilimwambia ni ubao wa mlango wa zamani, nimepewa na fundi mmoja. Aliunusa, akasema mlango huo bila shaka ulikuwa wa muuza samaki.

Kazi ilinichukua miezi. Nilikipasua kile kipande kuwa mbao mbili nyembamba, nikaziunganisha ubavu kwa ubavu kwa gundi, nikazipiga msasa mpaka zikang'aa. Mbavu za gitaa nilizikunja juu ya bomba lililotiwa makaa. Mwisho nikatoboa tundu katikati ya uso, taratibu, kwa kisu na tupa. Ndugu yangu, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, kabla wala baada.

Siku niliyofunga nyuzi ilikuwa kiangazi hasa, visima vingine vimekauka. Jua lilikuwa limezama lakini mwanga upo. Nilipiga waya wa juu mara moja tu, na kabla sauti haijaisha, mzee mmoja alikuwa amesimama uani. Mrefu, kaptula imelowa mpaka mapajani. Mkononi alikuwa na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Nilijiuliza amelowa wapi.

Nilimpa shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, mkwe."

Sikumfahamu, na hilo neno mkwe lilinishangaza, lakini nilimkaribisha. Adelina alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, naye akasalimia kwa sauti bila kumwona mgeni, kama watu wafanyavyo. Mzee akamwitikia vizuri, akamuuliza hali ya mtoto wetu Rosi, akamwambia aendelee na mapishi. Kisha akaegemeza pondo ukutani, akaomba nimwonyeshe nilichoshika.

Hakulishika kama mpiga gitaa. Alililaza magotini, akaligonga kwa kifundo cha kidole, huku na kule, sikio limekaribia, kama mwenye chombo anavyotafuta ufa. Alipofika kwenye tundu aliingiza vidole akazungusha ukingo wote.

"Umekitoboa," alisema.

Nilimweleza kwamba gitaa ndivyo linavyotengenezwa, sauti inatokea hapo.

"Sauti inatoka. Na maji yanaingia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nikifika katikati yananijaa, mkwe. Narudi, naanza upya. Na watu wananisubiri."

Hapo nilielewa ninaongea na nani. Ningefanya nini? Nilijisikia nikisema nitamchongea mwingine. Akauliza lini. Nikasema kabla ya masika.

"Haya. Nakusubiri wewe, basi."

Akaliinamisha gitaa, nalo likamwaga maji, maji ya matope, kibaraza kizima. Ndani yake kulikuwa na kipande cha tete. Alilisimamisha gitaa ukutani, akachukua pondo, akaondoka kwa njia ya mtoni.

Adelina alipoleta chakula aliuliza mgeni amekwenda wapi, maana sauti yake ilimkumbusha baba mkubwa Remigi. Nilimwambia ni mtu aliyepotea njia. Maji nikasema nimemwaga mimi.

Je, nilichonga mtumbwi? Sikuchonga. Nilimuuliza mchongaji mmoja, akasema magogo ya mkangazi yako mbali, nikaona nimejitahidi. Nikaomba misa ya marehemu. Nikajiambia ilikuwa homa. Na ukweli mwingine ni kwamba gitaa lilikuwa linalia vizuri mno. Watu walikuja jioni kusikiliza, Longino akakoma utani wake, kwaya wakaliazima Krismasi. Nililitundika ukutani juu ya kitanda.

Masika ilikuja. Adelina alikwenda Michenga na Rosi kumsaidia mama yake palizi ng'ambo, na mtumbwi waliopanda ukapinduka katikati ya maji. Habari ilinifikia ghalani. Niliendesha baiskeli kwenye tope huku nikilia, si aibu kusema. Niliwakuta wamekaa motoni, wazima wote wawili.

Adelina hakuniamkia. Alisema mzee mmoja alikuja akitembea pale ambapo pondo haifiki chini, maji yanamfika kifuani. Akambeba Rosi begani, akamshika yeye mkono. Alimjua, ndiye aliyekuwa akimvusha tangu utotoni. Akamuuliza, baba, mbona unatembea, chombo kiko wapi?

"Akaniambia kiko ukutani kwetu," Adelina alisema. "Juu ya kitanda."

Wazee walikuwa wameshakwenda kaburini na kuyaona matete yangu. Nilikiri mbele yao. Kesho yake niliwapelekea gitaa kwa mikono miwili, baba mkwe akalitazama, hakulipokea. Alisema hicho si chombo cha Remigi, kina tundu. Baadaye nilichongesha mtumbwi mpya, nao wakaukataa. Waliniambia aliahidiwa kabla ya masika.

Adelina hakurudi. Hakuniambia ni kwa sababu ya mtumbwi. Alisema hawezi kulala na mtu huku hajui ni lini anadanganywa. Rosi sasa ni mtu mzima, huja kunisalimia, lakini hukaa kibarazani, chumbani haingii.

Gitaa ninalo. Silipigi. Kila masika, asubuhi nikiamka nalikuta limejaa maji, naliinamisha dirishani, namwaga. Gundi haijaachia mpaka leo.

Kwa hiyo wewe unayependa kuchonga, uliza mti umetoka wapi na mwenyewe ni nani, hata kama umelala juani miaka na hauna mlinzi. Na mtu anayehitaji kuvuka usimpe ahadi ya kumtuliza aondoke.

Mimi safari yangu haiko mbali. Huko Michenga wanasema mvushaji wa marehemu ni yule yule, hawajapata mwingine. Nimemwomba Rosi jambo moja tu, siku ikifika aniwekee kopo mkononi. Nitakaa katikati, penye tundu, nimsaidie kukumba maji nje.