Mlezi wa Msambweni na neno alilolisema mbele za watu

Jua halijachomoza vyema, na Mwanapili Boga anapokea watoto kwenye banda la makuti kando ya shamba la miwa, karibu na Msambweni. Watoto ni ishirini na watatu. Mlezi ni yeye peke yake. Kila mama, kabla hajaenda kupalilia, anavutwa kando na kuulizwa kwa sauti ya chini mtoto amelalaje, na nyumbani kuna nini.

“Zamani sikuwa nikiuliza,” asema mjane huyu wa miaka arubaini na mmoja. “Nilikuwa nikisema tu.”

Mwaka 1954 Biasha, binti wa miaka minne, alianza ghafla kuwang’ata wenzake. Aliletwa na jirani, kwani mama yake, Tumu, alikuwa amejifungua. Kwa siku nne aliwang’ata watoto watano. Mwanapili alimkaripia, akamtenga, haikufaa kitu. Wa tano alikuwa mtoto wa yule jirani, naye jirani akakataa kumrudisha Biasha kwao.

Alikuja baba, Abdurahman, mkata miwa, mtu wa maneno machache. Wazazi walikuwa wamejaa mlangoni.

“Nilimwambia mbele yao: mwanao ni mnyama, kwenu hamkumfunza adabu.”

Watu walicheka. Abdurahman alimshika mtoto mkono, wakaondoka. Walipofika kwenye miwa, alimpiga kofi moja la sikio la kushoto.

Biasha alikaa nyumbani siku tisa, usaha ukimtoka sikioni. Aliporudi hakuwa aking’ata tena. Wala hakuwa akisema. Akiitwa kutoka kushoto, hakugeuka.

Mwanapili alikwenda kwao kutaka radhi. Alimkuta Tumu mkekani, kifua kimefungwa kanga kuzuia maziwa. Kitoto chake kilikuwa kimezikwa siku moja tu kabla Biasha hajaanza kung’ata. Jirani alidhani mlezi anajua.

“Ungaliuliza, Da Mwanapili, tungalikwambia,” Tumu alisema.

Abdurahman huitikia salamu mpaka leo, lakini uso hamwinulii.

Tangu hapo Mwanapili hamtaji mtoto kwa ubaya mbele ya watu. Humngoja mzazi hadi wenziwe waondoke, akaanza kwa jema alilolifanya mtoto siku hiyo. Kisha hueleza alichokiona, bila kumwita mkorofi, na kunyamaza asikilize. Baadhi ya akina mama humwona mwoga. Wengine wameanza kumwambia ya nyumbani.

Biasha sasa ana miaka sita. Ramadhani ikiisha ataingia chuoni kusoma Kurani. Mwanapili amemwomba Tumu ruhusa wafuatane siku ya kwanza, amweleze mwalimu faraghani, mama mtu akiwapo. Tumu amekubali.

“Namtaka mwalimu amwite kwa upande wa kulia,” asema Mwanapili. “Akimwita kushoto asiitikie, atamwona jeuri, naye atampiga.”