Utafiti wa Kodi Barazani Kwangu

Nimesoma mpaka darasa la nne, Chiungutwa, nikaacha. Duka la mabati na saruji hapa Newala nimelijenga mwenyewe, na kwa duka hilo nimemsomesha binti yangu mpaka leo ni profesa wa uhasibu. Anafundisha kodi chuo kikuu. Sokoni wananiita Baba Profesa, nami naitika bila aibu.

Mwaka huu, msimu wa korosho ulipokwisha, alikuja kufanya utafiti. Alitaka kujua wafanyabiashara wadogo wa Masasi na Newala wanaionaje kodi ya makadirio, ile unayopangiwa kwa kutazamwa tu ukubwa wa biashara yako. Nikampa chumba cha stoo, nikamzungusha sokoni, nikasema huyu ni wangu, mjibuni.

Tangu hapo sikulala vizuri. Chuo kilimtaka ahoji mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa, siri ya mtu isitoke. Kwao hiyo ni heshima. Kwetu, ukijifungia na mtu wa kodi umekwenda kumchongea mwenzako. Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yangu mwenye mashine ya kusaga. Kutoka tu, watu wa sokoni wakamuuliza kamtaja nani. Akaapa hakumtaja mtu. Kesho yake wanawake wakapeleka mahindi mashine nyingine, na yeye akapita dukani kwangu bila shikamoo.

Nikajua anayefuata ni mimi. Nikisusiwa Newala, kwa umri huu, nikaanze wapi tena?

Nikamwambia binti yangu ahojie barazani. Akasema masharti hayaruhusu, majibu ya barazani hawezi kuyatumia. Nikamwambia basi asiyatumie, lakini mimi mlango sifungi. Tukanuniana kutwa. Sikuweza kukaa, nilipanga nondo ambazo zilikwisha kupangwa.

Jioni akatoka na kiti. Watu wakajaa, wengine wakijifanya wanaulizia misumari. Akaniuliza kwa nini nalipa kodi. Nikajibu kwa sauti kwamba nalipa kwa kuwa sitaki kufungiwa duka, kwamba kipimo cha hao wakadiriaji sikijui, na kwamba kila nikinunua maji ya ndoo kwa kuwa bomba halitoi, najiona mjinga kulipa. Sikupunguza neno.

Jirani wa mashine alikuwa amesimama nyuma.

"Sisi tunavuliwa nguo hapa," akasema. "Na wewe dada, mshahara wako unakatwa kiasi gani?"

Nilitaka kumfukuza. Mtu haulizwi mshahara wake mbele ya baba yake. Binti yangu akaweka kalamu chini, akatazama barabarani kidogo, kisha akataja anacholipwa na kinachokatwa, chote. Hata mimi nilikuwa sijui.

"Kumbe na profesa anakamuliwa," akasema mama mmoja muuza vitenge, watu wakacheka. Jirani akakalia mfuko wa saruji, akaanza kueleza alivyokadiriwa yeye, kila mtu akisikia. Binti yangu hakuandika kitu. Aliwafundisha namna ya kupinga makadirio na pa kupeleka pingamizi, kama anavyofundisha wanafunzi wake, mpaka giza likaingia.

Ameondoka na utafiti nusu, anaomba ruhusa chuoni ahoji watu wakiwa pamoja. Mashine ya jirani inasaga kama zamani. Mimi bado natoka mlangoni kila gari geni likisimama, nikidhani ni la wakadiriaji. Makadirio mapya hayajatoka, na yakipanda, watu watakumbuka ni mimi niliyesema huyu ni wangu.