Michungwa ya ukweni: mume wangu alivyopanda miti Lionja bila kumwuliza mwenye ardhi

Wakuu, salaam.

Najua wengi humu mngepaswa kuniamkia, kwa hiyo natanguliza marahaba zenu tuendelee. Mimi ni bibi wa zamani sana, ila simu naitumia mwenyewe, kwa miwani na kidole kimoja. Nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja anayelima nyanya na mipapai ukweni kwake. Wadau wakamshauri, "Mkuu, panda na miembe kabisa, eneo si lipo!" Nikacheka peke yangu hadi jirani akaniuliza kulikoni.

Mwanangu, weka jembe chini kwanza. Soma haya.

Mimi ni Mmwera wa Lionja, Nachingwea. Mume wangu Rashidi, Mungu amrehemu, alikuwa Mngoni wa Songea. Alikuja kwetu wakati wa karanga.

Vijana wengi hamjui habari hizo. Baada ya vita vikuu vya pili Wazungu walikuja Nachingwea kulima karanga kwa mashine. Pori likaangushwa kwa matrekta na minyororo, tukawa tunasikia mngurumo kutwa nzima. Watu wakamiminika kutoka kila upande kutafuta kazi. Karanga zenyewe hazikufika mbali. Mradi ulipokufa, watu wakarudi makwao.

Rashidi hakurudi, alikuwa ameshaniona mimi. Msicheke, na sisi tulikuwa wasichana.

Kazi yake kambini ilikuwa kubeba maji ya kumwagilia bustani ya Mzungu mmoja. Pale ndipo alipopata ugonjwa wa bustani. Tulipooana alikuja na nguo zake kwenye mfuko mmoja, na mbegu kwenye vitambaa, kila mbegu na fundo lake. Nyanya, biringanya, bamia, vitunguu, kabichi. Na miche saba ya michungwa kwenye makopo matupu ya kambini, ameibeba kwa mti begani kama mtu aliyebeba watoto wa mfalme.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Kwetu mwanaume akioa anahamia kwa mke. Watani zetu wanasema wanaume wa kusini ndio wanaoolewa, na sisi tumezoea kuchekwa. Anajenga kwa wakwe, analima kwa wakwe, na wakwe wanamtazama kama ni mtu au ni mzigo. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Msemaji wa ardhi hiyo ni mjomba, kaka yake mama. Baba yako mzazi anakulea, anakulisha, anakusomesha Kurani, lakini ardhi si yake. Na yeye alikuja kuoa hapo.

Kwa Wangoni baba ndiye kila kitu. Mume wangu alijua tofauti hiyo kwa kuambiwa, ila ilikuwa haijamwingia mwilini.

Basi akaanza bustani pembeni ya nyumba yetu. Alitengeneza matuta, akaweka mbolea ya mbuzi na majivu, akazungushia uzio wa miiba kuzuia kuku. Kiangazi kilipokaza, maji yalikuwa ni kisima cha bondeni, na aliyekuwa anayabeba kichwani ni nani? Mimi. Nikamwambia siku moja, "Rashidi, mimi sikuolewa na nyanya." Kesho yake alichukua debe akashuka bondeni mwenyewe.

Wanawake kisimani walipiga vigelegele vya dhihaka. Mwanaume anabeba maji, tena ya mchicha! Yeye akawa anawasalimia tu, mpaka wakachoka. Na nyanya zilipoiva, wale wale wakaja na vikapu vyao. Kabichi hazikufunga, ziliota majani tu zikawa chakula cha mbuzi, lakini mengine yalitupendeza sana. Kwa mara ya kwanza tulikula mboga mbichi wakati ambao majirani wanakula kisamvu kilichokaushwa.

Hadi hapo hakuna aliyekuwa na neno. Mboga ni mboga, unavuna inaisha.

Shida ikawa ile michungwa. Makopo yalishaanza kubana mizizi. Rashidi akaenda kumwuliza baba yangu kwa adabu, amechuchumaa chini. "Baba, naomba ruhusa niipande hii miche nyuma ya nyumba."

Baba yangu, mzee Selemani, alikuwa mtu wa Mbekenyera. Mpole, maneno machache. Alikuja Lionja kumwoa mama akiwa kijana, akakaa mpaka ndevu zikawa nyeupe. Akamtazama mkwewe, akaitazama miche, akasema, "Panda, mwanangu."

Mimi nilikuwepo, natwanga. Mchi ulinikwama mkononi. Nilijua baba hana mamlaka ya kusema neno hilo, na yeye mwenyewe alijua. Ila unamwambiaje baba yako mbele ya mumeo kwamba ruhusa yake si ruhusa? Nikaendelea kutwanga.

Rashidi akachimba mashimo saba, akapanda.

Mjomba Bakari alipata habari. Akaja Ijumaa baada ya swala. Wakuu, msimfanye mjomba mtu mbaya. Alikuwa na dada zake wa kuwalinda, na wazee wa wakati ule walikuwa wameona pori zima likifyekwa na wageni mbele ya macho yao. Ukitaja ardhi walikuwa wanashtuka kama mtu aliyeguswa kidonda.

Akazunguka bustani mikono nyuma. Nyanya akazisifu. Mpapai uliojiotea pembeni akautazama kidogo, nadhani alikuwa anajiuliza kama mpapai ni mti au ni mboga iliyorefuka, kisha akaupita. Kufika kwenye michungwa akasimama.

"Nani kapanda nti hapa?"

Wazee wetu hutamka hivyo, mti wanasema nti.

"Mimi, mjomba," Rashidi akajibu. "Niliomba ruhusa kwa baba."

"Baba yupi?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda hapo hapo. Akasema, "Mimi, shemeji. Nilimruhusu mimi."

Mjomba hakupaza sauti, na ndiyo maana ilituuma zaidi. Alisema, "Shemeji, wewe ni ntu wangu, nakuheshimu. Lakini ruhusa hiyo uliitoa wapi? Karanga ukivuna, ardhi inabaki wazi. Nti ukipanda, hata ukiondoka wewe bado umekaa. Kesho nduguze watoke Songea waje kudai kivuli, nitawajibu nini wajukuu zangu? Ing'olewe."

Niliona aibu iliyompata baba yangu na nikasikia hasira hadi masikio yakaziba. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa tumboni. Na Rashidi nilimsoma usoni: michungwa ikitoka, na yeye anatoka. Angerudi kwao, na mimi ningetakiwa kuchagua kati ya mume na mama.

Hapo mama akatoka ndani na jembe.

Mkumbuke kwamba mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani usoni. Rashidi akageuka akaangalia uzio. Mama akaanza kung'oa. Alichimba kwa pembeni taratibu, akautoa mche na donge lake la udongo, akauweka chini. Wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Nikajua basi, mama amekubaliana na kaka yake. Nikaanza kulia waziwazi, sikuona haya.

Mama akapumua kidogo. Akachukua mche wa kwanza, akaurudisha kwenye shimo lile lile, akafukia, akakanyagia udongo kwa mguu. Akafanya hivyo yote saba. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga akasema, "Kaka, hebu uliza tena. Nani kapanda?"

Ardhi ni ya ukoo wa mama, mama ndiye ukoo, na mama kapanda. Mjomba aliomba maji ya kunywa, nikampelekea, akanywa, akaaga.

Mimi nilitaka kucheza ngoma pale pale. Nikamgeukia mume wangu nifurahi naye, kumbe mwenzangu anafunga mfuko wake.

"Unakwenda wapi?"

"Nimebeba miche hii kutoka kambini kwa bega langu," akasema. "Sasa ni ya mama yako. Mimi ni nani hapa? Kibarua?"

Nikamwambia mama ameokoa miti yake. Akasema mama ameokoa miti, siyo mkono ulioipanda. Na wakuu, nikikaa nikafikiri mpaka leo, hakukosea. Na mama hakukosea. Haya ndiyo mambo magumu ya ndoa, mtu anakutendea wema na wema wenyewe unakuumiza.

Akashika njia ya Nachingwea. Nilitaka kumkimbilia, mama akanishika mkono. Aliyenyanyuka ni baba. Akachukua bakora yake akamfuata, wala hakuita. Tukawaona wanatembea pamoja mpaka wakapotea kwenye mikorosho.

Kusubiri kule sitaki hata kukuelezeni. Nilipika ugali, nikaunguza mboga.

Jua lilipoanza kushuka wakarudi wote wawili. Rashidi akautundika mfuko mahali pake, akachukua debe, akaenda bondeni. Akamwagilia michungwa ya mama mkwe wake.

Aliyoambiwa njiani hakunisimulia mpaka mtoto wetu alipokuwa anatambaa. Tulikuwa tunapalilia. Akasema baba alitembea naye mpaka wakaipita mikorosho, halafu akamwambia hivi:

"Mwanangu, mimi nipo hapa tangu mkeo hajazaliwa. Nimelima mashamba yao yote. Kwa mkono wangu sijapanda hata mpapai, naogopa neno. Uliponiuliza, nilisema panda kwa sababu hakuna ntu aliyewahi kuniuliza mimi kitu cha ardhi. Rudi umwagilie. Mimi nataka nile chungwa lile."

Nilitupa jembe nikakaa chini kwenye magugu. Baba yangu huyo nilikuwa naishi naye kila siku, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu anakitaka.

Miti ikakua. Rashidi aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe, na mama alikuwa anatuma salamu kupitia kwangu, "Mwambie mumeo mti wangu wa pili una wadudu." Yeye anajibu kupitia kwangu, "Mwambie mama nimeshaupaka majivu." Mimi nipo katikati kama posta. Ikawa ndiyo mazungumzo yao, na nadhani walipendana kwa njia hiyo.

Ikatoa maua. Kijiji kizima kikaja kunusa. Ikazaa. Matunda yakawa makubwa, yana manundu, ya njano. Rashidi alikuwa anayazunguka huku uso umemshuka.

Wakuu, yalikuwa malimau! Makali ajabu, ulimi unakunja.

Tulikuja kuelewa baadaye kwa mtu mmoja aliyejua miche. Kule kambini walikuwa wanaotesha malimau kwanza, kisha wanabebesha kichipukizi cha mchungwa juu yake ndipo linazaliwa chungwa. Rashidi alikuwa mbeba maji tu. Aliona michungwa mikubwa inazaa machungwa, akachukua miche ya pembeni kabla haijabebeshwa, akajua ni ile ile.

Mjomba Bakari alicheka mpaka akakaa chini. "Nilitaka kuvunja ndoa ya ntoto wangu kwa ajili ya malimau!" Watu wakacheka, hata mama alicheka kwenye kanga yake. Rashidi peke yake alikuwa hacheki.

Mama akachuma limau moja lililoiva vizuri, akaja nalo mpaka kwenye kigoda cha baba, akampa kwa mikono miwili. Rashidi akasema, "Baba, acha. Ni limau hilo, litakuumiza meno."

Baba akasema, "Nimesikia."

Akalimenya kwa kisu kama mtu anavyomenya chungwa, taratibu, ganda lisikatike. Akaligawa vipande. Akala kipande, akala kingine, mpaka likaisha. Kicheko kikakatika chenyewe. Mjomba alikuwa anamtazama shemeji yake, na nafikiri siku hiyo ndipo alipomwona.

Baba akajifuta ndevu, akamnyooshea mkono mama. "Nipe jingine."

Ndiyo hivyo, wakuu. Kijana wa ule uzi, ushauri wangu kwako ni mfupi. Uliza mche umetoka wapi. Uliza ardhi ni ya nani, na usiishie kwa yule aliyekukaribisha kiti. Hasara yetu sisi ilikuwa malimau tu, wenzetu wamepoteza ndoa.

Lakini ninalolisisitiza ni hili. Kama baba yako au mkweo yupo hai, na amekaa miaka anawalimia ninyi, mfuate leo umwulize yeye angependa kupanda nini. Usimchagulie. Akisema kitu cha ajabu, mchimbie shimo.

Wanaume mnaoishi ukweni, na ninyi mabinti mnaoishi nao, nawasikiliza. Hapo uani penu mti ni wa nani? Andikeni kwa herufi zinazosomeka, macho yangu si ya jana.