Fundi Aliyeshusha Jukwaa la Kwaya

Alizaliwa alfajiri ya sikukuu ya Kupaa Bwana, kengele ya misa ya kwanza ikigonga, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto alilia kwa sauti nzito hata mkunga akauliza kama wamejaliwa mtoto au mzee. Simulizi za uzazi hazikosi chumvi, nasi hii hatuiapii. Lakini wote waliomfahamu wanakubali kwamba sauti ile alipewa, hakuitafuta. Alibatizwa akiwa bado mchanga, akakulia kwenye maranda ya mbao na harufu ya gundi, na kila Jumapili alikwenda kanisani akiwa ameshika mkono wa baba yake, kidole gumba cha mzee kikiwa kigumu kama kipande cha mninga.

Alipobalehe sauti ilishuka chini kabisa, watu wakamwita Besi, na jina hilo likalimeza lile la ubatizo, hata paroko mwenyewe akawa analitumia. Baba yake alipofariki alirithi randa, patasi na misumeno, pamoja na kazi ambayo hakuna seremala anayeipenda wala anayeweza kuikwepa, yaani majeneza. Alioa binti wa fundi cherehani, mwanamke mcheshi asiyemwogopa mtu, wakajaliwa mtoto mmoja tu, wa kike. Waumini walipomfananisha Besi na Mtakatifu Yosefu, mkewe aliwajibu kwamba Yosefu katika Injili yote hakutamka hata neno moja, na huyu wa kwake hanyamazi hata akiwa na misumari mdomoni.

Kwaya ya parokia alikabidhiwa akiwa bado kijana. Aliikuta na watu wachache wanaoimba kila mmoja njia yake, akaifanya kwaya iliyosifika hadi parokia za mbali. Hilo tunaliandika bila kulipunguza, kwa maana kipaji ni cha Mungu. Lakini wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wageni walianza kunung'unika kwamba wanaisikia kwaya lakini hawaioni, kwa hiyo Besi akaunda jukwaa la mbao ngumu, lenye ngazi, akaliweka kando ya altare likiwaelekea watu. Sare nazo zikawa zinabadilishwa kila sikukuu. Ikaingia pia desturi moja. Mwisho wa wimbo Besi aliinua mkono na kuishikilia Amina, sauti zote zikining'inia hewani, mpaka makofi yaanze; hapo ndipo alipoushusha. Makofi yakichelewa, Amina inarefushwa. Paroko alisimama altareni, mikono ameifumbata, akisubiri zamu yake. Hakuna aliyeona ubaya wowote, maana kanisa lilifurika hadi watu wakasimama madirishani, na nani atagombana na kanisa lililofurika?

Binti yake alirithi sauti, ila yake ilipanda juu kwa kadiri ile ile ya baba ilivyoshuka, wakamwita Zumari. Besi ndiye aliyemfundisha kuvuta pumzi, kutamka na kusimama. Alimfundisha pia kumchagua mtu mmoja kwenye mabenchi, mwenye uso wa huzuni, amwimbie huyo mpaka machozi yamtoke, kwa kuwa mmoja akilia wengine watafuata. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Zumari akaiweza kazi hiyo barabara. Wakitoka misani swali lake lilikuwa moja tu: je, leo wamelia? Baba yake alimjibu kwa fahari, wakarudi nyumbani wakicheka.

Siku iliyomgeuza ilikuwa siku ya mazishi. Mama mmoja muuza mkaa, jirani wa karakana, alifiwa na mwanawe wa pekee, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Jeneza alilitengeneza Besi mwenyewe. Alipima kwa kamba, akakata mbao, akazipiga msasa nje na ndani, ingawa ndani hakuna ambaye angeona, na lilipokamilika alilibeba kwapani peke yake hadi kanisani, jinsi lilivyokuwa dogo. Kisha akavaa sare, akapanda jukwaani. Baada ya Komunyo Zumari aliimba peke yake, kwaya ikimpokea, na aliimba vizuri siku ile kuliko siku zote. Besi akainua mkono, akaishikilia Amina. Makofi hayakuja, maana watu walikuwa msibani. Naye, kwa mazoea tu, hakuushusha mkono. Mmoja akapiga makofi, akafuata wa pili, halafu kanisa zima likanyanyuka. Yule mama muuza mkaa, aliyekuwa ameketi ubavuni mwa jeneza, akatazama huku na huku kama mgeni asiyejua taratibu za nyumba ya watu, akaiweka leso yake juu ya kile kijeneza, akasimama, naye akapiga makofi.

Mkono wa Besi ulianguka wenyewe. Makaburini hakwenda na kwaya; alitembea nyuma ya watu wote, akashika koleo, akafukia kaburi lile mpaka jasho likalowesha sare. Aliporudi aliketi karakanani bila kugusa kazi. Mkewe alimfuata, akamuuliza kulikoni, mbona huko nje kila mtu anaisifu kwaya yake.

“Mama Zumari,” akamjibu, “yule mama alikuja kulia mbele za Mungu. Sisi tukasimama katikati.”

Alikwenda kumwomba radhi muuza mkaa. Mama wa watu akamwambia asijali, waliimba vizuri sana. Jibu hilo lilimuuma kuliko tusi.

Paroko alikuwa mtu mwema mwenye hofu za paroko yeyote, na alipoambiwa kwamba jukwaa linashushwa alishika kichwa. Alisema watu watahamia kwingine, na mabenchi yatabaki kwa bibi wachache wa rozari. Besi alimjibu kwamba anayekuja kuitazama kwaya hajafika bado, amekwama njiani, na aliyemzibia njia ni yeye Besi. Walikubaliana wajaribu mpaka Majilio, yale majuma ya kuingojea Noeli. Basi fundi akalibomoa jukwaa kwa mikono yake, ubao baada ya ubao, na mbao zake akazitengenezea vibao vya kupigia magoti kwenye mabenchi yaliyovikosa. Kwaya akaihamishia nyuma ya watu, karibu na mlango mkubwa. Nyimbo zikawa zile ambazo kila mtu anaweza kuziimba, Amina ikawa fupi, na makofi, yalipokosa mtu wa kuyangoja, yakakoma yenyewe. Zaidi ya nusu ya wanakwaya walijitoa. Walimwita mchawi wa furaha za wenzake, na wapo walioacha kumsalimu.

Hayo yote aliyabeba. Lililomshinda ni la mwanawe. Zumari alimkuta karakanani anang'oa misumari kwenye zile mbao, wanakwaya kadhaa wakiwa mlangoni, akamuuliza kwa nini anamficha kama mtu mwenye aibu, amekosa nini. Besi, ambaye moyo wake ulikuwa umegeuka lakini ulimi bado, alimjibu mbele ya wote kwamba sauti yake imekuwa sanamu kanisani. Hatulifichi kosa hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Sanamu hiyo, kama ilikuwapo, aliichonga yeye. Binti aliondoka, na tangu siku hiyo akawa anaimba kwenye kumbi za harusi na sherehe za mashirika, na kanisani akaacha kukanyaga. Hapo Besi aliona ubaya wa mambo. Alikuwa amemfundisha mtoto wake wa pekee kwamba nyumba ya Mungu ni mahali pa kuonekana. Sasa haonekani, aje kufanya nini? Akipotea, aliyempoteza ni baba yake. Mkewe anasema hakuna siku aliyosali bila kulitaja jina la mtoto huyo, na kwamba hakuombea jambo lingine kwa machozi.

Majilio yalifika na kupita, watu hawakuhama. Walipungua kidogo, kisha wakarudi, na wengine wakasema kwamba wamejikuta wanasali misani, jambo ambalo walikuwa wamelizoea nyumbani tu. Basi sifa zikaanza upya, za namna nyingine. Mapadre wa kwingine walimtaja mahubirini. Wageni walikuja wakakaa mabenchi ya mbele na kugeuza shingo nyuma kumwona yule fundi mnyenyekevu. Jumapili moja, wakati wa mageuzo, paroko akiinua Hostia na kengele imeshagongwa, Besi aligundua kwamba anawaza kama wale wageni wameona jinsi alivyopiga magoti. Alitoka kanisani uso umemshuka. Nyumbani akamwambia mkewe, akitegemea kutulizwa, na mama huyo, Mungu ambariki, hakumtuliza hata kidogo.

“Ulishusha jukwaa la mbao, Baba Zumari,” alimwambia. “Unyenyekevu wako nao sasa umepanda jukwaani.”

Besi alicheka mpaka akalia. Juma lile lile aliikabidhi kwaya kwa mwingine, akaenda kuketi katikati ya waumini, leo benchi hili, Jumapili nyingine lile, akiimba kwa sauti isiyozidi ya jirani yake. Waliokaa naye wanakumbuka tu kwamba karibu naye ilikuwa rahisi kusali, na wageni wengi hawakujua kwamba huyo ndiye Besi. Jaribu hili, kwa maoni yetu, lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kuacha makofi ya watu kunawezekana kwa kupiga moyo konde mara moja, lakini mtu atajiachaje mwenyewe, na kila aendako yupo?

Miaka ilipokwenda alishikwa na ugonjwa wa koo. Sauti ilikwaruza, ikafifia, ikaisha kabisa, akabaki wa kunong'ona. Wapo waliosema ni adhabu kwa kuivunja kwaya. Habari zilimfikia Zumari, naye akaja, si kanisani bali nyumbani, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda cha baba yake kilichokuwa kimehamishiwa karakanani kwa ajili ya hewa. Alikuwa amekuja na hasira yake ya zamani, mkewe Besi anakiri, lakini alipomwona mzee amekonda vile hasira ilikosa pa kukaa. Alimuuliza, pengine kwa uchungu, pengine kwa huruma tu, sasa anasalije bila sauti. Ikabidi ainame sana ili asikie jibu.

“Sasa ndiyo nasali, mwanangu. Zamani nilikuwa najisikiliza.” Alipumzika, kisha akaendelea. “Nilikufundisha kutazama watu. Kosa ni langu, si lako. Nisamehe.”

Zumari alimsamehe, akalia sana, akakaa kumuuguza mpaka mwisho, akimlisha kwa kijiko na kumwosha. Lakini paroko alipoleta Komunyo alitoka nje na kusimama uani mpaka aondoke. Baba yake aliliona hilo kila mara, hakumlazimisha wala hakumlaumu. Alifumba macho tu, midomo ikimcheza. Alifariki katika juma la mwisho la Majilio, asubuhi, bila kujua kama ombi lake litajibiwa. Hilo ndilo tunaloliona kuwa gumu kuliko yote katika maisha yake, kwamba aliliacha jambo lililomuuma zaidi mikononi mwa Mungu, akaondoka.

Alikuwa ameomba asisifiwe. Kiongozi mpya wa kwaya alikuwa ametunga wimbo wenye jina lake, mkewe akaukataa papo hapo. Misa ya maziko ikawa kama misa yoyote. Zumari aliingia mwishoni, akaketi katikati ya watu, kitambaa kimemfunika nusu ya uso. Baada ya Komunyo kulikuwa na ukimya, maana kwaya ilikuwa imeagizwa isiimbe chochote hapo. Katika ukimya huo wimbo ukaanza, ule mfupi wa kuabudu ambao watoto hufundishwa wanapojiandaa kupokea Komunyo mara ya kwanza. Uliimbwa na kanisa zima, wazee na watoto, wenye sauti na wasio na sauti. Wapo wanaokiri kwamba kwa muda ule walisahau kuwa mbele yao kuna jeneza, na kwamba hawajawahi kujua kwa hakika kama siku ile kwamba Mungu yupo hapa.

Kanisa halijatamka lolote kuhusu mtumishi huyu, nasi hatulitangulii. Wanaotafuta miujiza hutuambia kwamba ndani ya wimbo ule walisikia besi aliyoijua kila mtu. Hatubishi wala hatuthibitishi. Sisi tulitaka kujua jambo dogo tu, ni nani aliyeuanzisha. Paroko alidhani ni kwaya. Kwaya ilidhani ni akina mama wa mbele. Akina mama waliapa kwamba ulitoka nyuma. Mkewe alisema si yeye, kwa kuwa angeanzisha yeye watu wangekimbia. Tukabakiwa na Zumari, ambaye sikio lake, kwa malezi ya baba yake, linaweza kuitambua sauti ya mtu yeyote katika umati. Tulimkuta akitoka kanisani baada ya misa ya kawaida ya katikati ya juma, amevaa nguo za kazini kama waumini wengine. Tulimuuliza.

“Sijui,” alisema. “Nilikuwa nasali.”

Mungu atujalie na sisi, tukiulizwa nani aliimba vizuri Jumapili hii, tuwe na jibu hilo hilo.