Chumba cha Bibi Kilichoishia Kwenye Linta

Tofali jipya la saruji likimwagiwa maji jioni, baada ya kuungua na jua kutwa nzima, hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Iko karibu na ile ya mvua ya kwanza, ila ina ukali wa chokaa ndani yake. Juzi nilipita penye ujenzi huku Tegeta ninakopanga. Fundi alikuwa ameshika mpira wa maji, ananyeshea tofali zake, na harufu ile ikanisimamisha njiani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Watu wakanipita. Mimi nilikuwa nimesharudi kwetu Bagamoyo, mtoto wa darasa la tatu, nimeshika kopo, nanyeshea kuta za chumba cha bibi.

Nikisema kwetu Bagamoyo msifikirie Mji Mkongwe, wanakopelekwa wageni kupiga picha magofu. Kwetu ni nje ya mji, upande wa kuelekea Mbegani, nyumba za tofali zilizotawanyika kati ya minazi iliyozeeka na mashamba ya mihogo. Aliyetaka mambo ya kale aliishia mjini, aliyetaka kazi alikwenda Dar, na sisi hatukuwa njiani kwa yeyote kati yao. Watu wa mjini wakiulizwa huko kwetu panaitwaje walisema "kule nyuma." Nilikua nikiamini kwamba ndilo jina.

Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, na mikono yake ilinuka petroli hata siku ya Idi. Mama alipika vitumbua vya kuuza. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na sebule, na mimi na wadogo zangu tulilala sebuleni kwenye godoro moja, tukigombea shuka. Mama mzazi wa baba, Bibi Mwanahawa, aliishi Mkange, mbali huko kaskazini kuelekea Saadani, peke yake tangu babu afariki. Goti likaanza kumsumbua, shamba likamshinda, akasema mwenyewe kwamba sasa yuko tayari kuja kukaa kwa mwanawe. Baba akaanza kumjengea chumba ubavuni mwa nyumba. Bibi aliomba jambo moja tu: kizingiti kisiwe kirefu. Nami nikaahidiwa kitanda kidogo mle ndani, kwa sababu bibi aliniita mke mwenzie, na alisema wakewenza wakipendana hulala chumba kimoja wakamsengenya mume.

Kuta zikapanda. Kila nikitoka madrasa nilichota maji nikazinyeshea, na kila jioni baba alizigonga kwa kifundo cha kidole akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ikamwagwa linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Zilibaki kozi chache za tofali, halafu mbao na bati.

Hapo ndipo walipokuja watu wenye vizibao vya kung'aa na vyombo vya kupimia vya miguu mitatu. Tukaitwa mkutanoni kwenye uwanja wa shule. Tukaambiwa kwamba eneo letu limeingia kwenye mradi mkubwa, kwamba tutalipwa na kuhamishwa, na kwamba huko kwetu kutakuwa na barabara pana na taa. Wanawake walipiga vigelegele. Bi Tatu, jirani yetu, alisema sasa wanawe walioko Dar ndio watakaotafuta nauli ya kuja kwake. Nilimtazama baba usoni. Alikuwa ameinama, anachora mchangani kwa ncha ya kandambili.

Baada ya siku chache walipita nyumba kwa nyumba na kopo la rangi, wakachora mistari miwili myekundu inayokatana kwenye ukuta wa mbele. Msinicheke: shuleni kwetu mwalimu akikuwekea alama ile daftarini, ujue umekosa. Nikamuuliza baba, "Tumekosa nini?"

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Baba hakucheka.

Kumbe alama ile ilikuwa na masharti. Kilichokuwepo siku ya kupimwa ndicho kilichohesabika. Atakayeongeza kitu baada ya hapo atavunjiwa. Baba akauliza kuhusu kile chumba, akajibiwa asubiri kidogo. Akafunika mifuko ya saruji kwa turubai, akasubiri.

Sijui niwaelezeje kusubiri kwa kitongoji kizima. Hakuna aliyeziba bati lililovuja, kwa nini azibe? Hakuna aliyepanda mnazi, kwa sababu mnazi ni mti wa mtu mwenye miaka mbele yake. Bi Tatu aliahirisha harusi ya binti yake ili ifanyikie kwenye nyumba mpya, mpaka mchumba akachoka akaoa kwingine. Wale wa vizibao hawakuonekana tena. Wazee walizoea kusema subira yavuta heri, kisha hata wao wakaacha kusema. Saruji iligeuka mawe ndani ya mifuko. Katika chumba cha bibi ziliota nyasi, na kuku wa mama akaingia mle akaatamia.

Bibi alipiga simu kila Ijumaa. Baada ya shikamoo na marahaba na hali za wote, aliuliza chumba kimefika wapi. Baba alijibu, "Kimefika kwenye linta, mama." Masika ikapita, vuli ikapita, jibu likabaki lile lile, hadi wadogo zangu wakaligeuza mchezo. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, halafu wanacheka.

Idi moja baba alinichukua tukaenda Mkange kumsalimu. Tulimkuta amezeeka ghafla, anatembea kwa kushika ukuta. Vitu vyake alikuwa amekwisha vifunga: kapu la vyombo, mkeka uliokunjwa, na kanga zake ndani ya sanduku la bati. Tulipomaliza kula aliniweka karibu yake, akamtazama mwanawe.

"Mimi sikuomba chumba, mwanangu," alisema. "Niliomba kuja kwako."

"Utalala wapi, mama? Sebuleni, chini, na watoto? Watu wataniona mtu gani?"

"Watu gani? Nimelala chini miaka mingapi?"

 Baba akasema, polepole, kwamba mambo yakikaa sawa atakuja kumchukua mwenyewe, kwa gari. Bibi aliitikia, "Haya, baba," kama mama anavyomwitikia mtoto anayeahidi kumnunulia nyumba ya ghorofa. Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nilimwona baba kuwa mtu wa kujali maneno ya majirani kuliko mama yake.

Bibi alifariki masika iliyofuata. Simu ilikuja asubuhi, lakini mvua ilikuwa imekata njia, na tulipofika Mkange tuliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, miguu imejaa udongo. Kapu na sanduku vilikuwa pale pale karibu na mlango, bado vimefungwa. Baba aliketi barazani akapokea mikono ya watu mmoja mmoja. Sikumwona akilia.

Ilipopita arobaini alinunua saruji nyingine. Aling'oa nyasi, akapandisha kozi zilizobaki, akaezeka. Bi Tatu alikuja kumwonya kwamba watakuja kumvunjia. Baba hakuteremka kwenye ngazi. "Waje," alisema. Hawakuja, na mpaka leo hawajaja. Nikapewa chumba kile nilale peke yangu, na kila nikiingia mguu wangu ulikitafuta kizingiti, kwa jinsi kilivyokuwa kifupi.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Mimi na mama tulikuwa tunakunja nguo, nikamwambia kwamba sijawahi kuelewa kwa nini baba alishindwa kumlaza mama yake sebuleni. 

"Habari za sebule alizizua tu," mama alisema. "Wewe unajua bibi yako alifikaje Mkange?"

Sikujua. Akanisimulia kwamba kwao bibi hapakuwa Mkange. Walikuwa na shamba lao ndani zaidi, na nyumba ya udongo aliyoikandika mwenyewe. Ilipopita amri ya watu kukusanywa vijijini, lilikuja lori la wanamgambo. Baba alikuwa mtoto mdogo, akapakiwa na vyombo. Bibi aligoma kutoka, akakaa mlangoni, wakambeba pamoja na kigoda chake, na alipokuwa juu ya lori aliwaona wakiezua makuti ili asirudi. Baba alimshika kanga njia nzima. Mama alisema kwamba bibi hakuwahi kuisimulia habari hiyo hata siku moja, na baba aliisimulia mara moja tu, usiku wa ile siku tuliyochorewa ukuta.

"Alisema hawezi kumleta mama yake kwenye nyumba itakayokuja kuvunjwa," mama alisema. "Asipakiwe mara ya pili."

Nje baba alikuwa anajaribu mashine ya mtu, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nilishika kanga niliyokuwa nakunja, nikashindwa kuiweka chini. Miaka yote ile alingoja wapitishe tingatinga kwanza, ili mama yake aje mambo yakiwa yamekwisha. Na kweli bibi hakupakiwa tena. Yuko Mkange.