Masale ya Jengo la Akina Mama

Duka la pembejeo la mdogo wangu lina mlango mpana wa bluu, na juu yake ameandika "Mungu ni Mwema". Mwema kweli, maana angekuwa na roho yangu lingeshateketea zamani. Lile si duka lake. Ni jengo la klabu ya akina mama wa mji wetu, na kila jiwe lililo ukutani lilipanda kutoka mtoni juu ya kichwa cha mwanamke.

Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Siku za msaragambo, kazi yetu ya pamoja, walishuka korongoni na kata zao za majani ya mgomba, wakapanda na mawe. Waislamu na Walutheri, wote shingo ziliwauma sawasawa. Mama yangu alibeba akiwa na mimba ya huyo huyo mwenye duka. Kikulacho ki nguoni mwako, ama kweli!

Kiwanja alitoa baba. Alisema tu, "Jengeni," basi. Karatasi hakuombwa. Mwanamke gani angemdai mume wake karatasi mbele ya wenzake? Wangemcheka mpaka sokoni. Badala yake mama alipanda masale kuzunguka kiwanja, yale majani ya mpaka ambayo kwetu hata mlevi huyaheshimu. Humo ndani walifuma masweta, wakatunza masufuria ya harusi na misiba, na mama akajifunza kuandika jina lake akiwa tayari na watoto wanne.

Baba alipofariki, mdogo wangu, kitinda mimba, akabaki na nyumba na mama ndani yake, kama desturi ilivyo. Arobaini ilipopita tu akatoa cherehani za akina mama nje, kwenye manyunyu, akabadilisha kufuli. "Baba hakuandika popote," akasema, macho makavu. Mtu mzima ovyo!

Akina mama wakampeleka baraza la kata. Waliojenga wengi wameshakufa, na ukimtoa mama, wawili waliobaki hawajui hata leo ni siku gani. Mimi nilikuwa mtoto, sihesabiki; shahidi alikuwa mmoja tu, mama yetu. Nikapanda kutoka Mazinde nilikoolewa, nimevimba kwa hasira, tayari kumuumbua yule mtoto mbele ya watu.

Asubuhi ile, kabla hatujatoka, mama alinishika mkono jikoni. Akaniuliza kwa Kishambaa, taratibu: "Nikisema kweli, jioni nitarudi wapi?"

Nikamwambia, "Mama, wewe sema ukweli tu. Mengine Mungu atajalia."

Akaniangalia kidogo, akafunga kanga yake, tukaenda.

Barazani mwenyekiti alimuuliza kwa adabu zote: "Shikamoo, bibi. Masale yale pale klabu aliyapanda nani?"

Mama, ambaye hata kuku huwafukuza kwa Kishambaa, alijibu kwa Kiswahili safi kama cha redio. "Sijui. Yaliota yenyewe."

Loo! Masale hayajioteshi yakajipanga mstari. Kila mtu mle ndani alijua, mpaka mwenyekiti akainamisha uso akajifanya anatafuta kalamu. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, akatoka nje. Mdogo wangu akakohoa, akajitia hamnazo. Ndivyo jengo lilivyokwenda, na wiki hiyo hiyo akang'oa masale yote akamwaga kokoto.

Tangu hapo akiniambia "Shikamoo, dada," simjibu. Marahaba yangu hataisikia mpaka nizikwe. Ndugu wananisihi, eti damu nzito, eti yaishe nyumbani. Yaishe nyumbani gani? Nyumbani ndiko yalikoanzia.

Lakini kuna jambo sijawaambia hao ndugu. Mimi kwangu Mazinde nina vyumba vitatu, na kimoja kinalala magunia ya vitunguu. Swali la mama pale jikoni lilikuwa na jibu la maneno mawili, "Kwangu, mama," na nilikuwa nalo mdomoni. Nikafikiria joto la bondeni, nikafikiria mume wangu atakavyonuna, nikamsukumia Mungu. Mtu mzima ovyo ni nani basi?

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Nilipita dukani bila kugeuza shingo, nikamkuta amekaa uani peke yake, anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaweka ungo chini, akautazama mkoba wangu. "Umekuja kunichukua?"

Nikamwambia nimekuja mara moja tu, nawahi gari la kushuka.