Dobi na Kanuni ya Kinyozi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na jina hilo lilikuwa la sifa kabla halijageuka kejeli. Alikuwa dobi wa pasi ya mkaa, na kola aliyoinyoosha yeye ilisimama wima hadi jioni. Hata alipokuwa amelewa mikono yake haikusahau kazi. Kwa sababu hiyo wateja walimvumilia, na kwa sababu hiyohiyo aliamini kwa miaka mingi kwamba pombe haijamshinda.

Kisha binti yake akaonekana na kovu mkononi, limechongoka kama ncha ya pasi. Mama Pasi alieleza kwamba mtoto alijikwaa akaiangukia, na mtoto, kila alipoulizwa, aliapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Dada mkubwa wa Mama Pasi, mshonaji mwenye duka lake, hakubishana. Alikuja na mfuko, akakunja nguo za mtoto, akasema akiwa mlangoni:

"Kuna kikundi cha watu walioacha pombe. Nenda. Siku nitakayohakikisha kwamba unakwenda, mwanao atarudi. Ukinidanganya, mdogo wangu, msahau."

Kukipata kikundi chenyewe kulimgharimu aibu. Zahanati walimwelekeza kwenye jengo moja nyuma ya soko, na pale bawabu akamuuliza kwa sauti iliyofika barabarani:

"Unatafuta walevi? Wanaolewa wako baa, waliochoka kulewa wako juu. Wewe ni wa wapi?"

"Wa juu."

"Haya, panda. Ila shika ukuta, mama. Ngazi hazijapata habari kwamba umeacha."

Juu kulikuwa na chumba ambamo mchana ulifundishwa upigaji chapa: viti vya plastiki, birika kubwa la chai, mashine zimefunikwa vitambaa. Mwenyekiti alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye enzi zake za ulevi aliwahi kumkata mteja sikio. Alifungua kikao kwa kanuni moja.

"Ya humu yanabaki humu. Nani kaja, nani hakuja, mtu wa nje hajibiwi. Tukikutana njiani hatujuani, mpaka mwenyewe aanze. Tulikuwa na dereva hapa. Mmoja wetu alimtaja kwa tajiri yake, kwa nia njema kabisa. Akafukuzwa kazi, akairudia chupa, tukamzika."

Mama Pasi aliposimama, alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Mwanangu hakuanguka. Alikuja kunificha chupa. Nikamsukuma kwa mkono ulioshika pasi."

Bibi mmoja, muuguzi mstaafu, akammiminia chai. "Kunywa, mwanangu. Hii haitakuuliza kesho ulifanya nini."

Alirudi juma lililofuata, na lililofuata tena, na chupa hakuigusa. Alipojiona yuko imara alimwambia dada yake, "Nenda kamuulize kinyozi." Lakini hakumtahadharisha kinyozi. Kanuni ile aliiona kama blanketi lake. Haikumpitikia kwamba ingeweza kuwa ukuta.

Dada alikwenda asubuhi, kinyozi akiwa na kichwa cha mteja mkononi. Mtoto alisimama kando, mfuko begani, kwa kuwa mama mkubwa alikusudia kumpeleka kwao moja kwa moja kutoka pale.

"Kaka, mdogo wangu, yule dobi, huja kwenye kikao chako?"

Kinyozi alitazama. Aliuona mkono wa mtoto, akaliona kovu, akaelewa kila kitu. Akamkumbuka dereva.

"Simjui dobi yeyote, mama."

Mchana Mama Pasi alipopata habari, alimkokota dada yake hadi kinyozini, mtoto akiwafuata na mfuko wake.

"Kaka, mwambie! Mimi mwenyewe nakuruhusu."

"Ndiyo, mama," kinyozi akasema. "Huja. Hajakosa hata kikao kimoja."

Dada akacheka. "Asubuhi humjui, mchana mmejuana! Imepita chupa ngapi hapo katikati?"

Waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko.

"Ni kanuni yetu, mama."

"Kanuni ya walevi ni kufichiana. Naijua tangu enzi za baba yetu."

Hapo Mama Pasi akapoteza busara. "Muulize niliyoyasema, basi! Nilisema mbele ya watu wote kwamba nilimchoma mimi mwenyewe! Mlevi anayedanganya angesema hivyo?"

Kicheko kilikatika. Mtoto akatazama chini.

"Kumbe," dada akasema polepole. "Mtoto huyu amekuapia uongo muda wote huu, na wewe ukamwacha aape." Akamshika mtoto mkono ule usio na kovu, wakaondoka.

Mama Pasi hakuacha kwenda kikaoni. Sare za shule za binti yake bado huletwa kwake, maana dada hajapata dobi anayemfikia. Zina mikono mirefu, hata wakati wa joto. Siku moja mtoto alizifuata mwenyewe. Hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama amesema kama sare ziko tayari nizichukue."

Mama Pasi hakuwa amelewa, kwa hiyo alisikia kila neno.

"Marahaba," akaitikia, akazikunja sare taratibu ili mikono isipate mikunjo, akamnyooshea kutoka mbali.